Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa TBS: Asali isipimwe kwa kiberiti

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,
Shirika la Viwango Tanzania,
Ubungo, Dar es Salaam.

Nauza asali Kariakoo. Naipokea kwa ndoo kutoka kwa warina asali wa Sikonge na Manyoni, na ninakuandikia kuhusu jinsi inavyopimwa ikishafika mjini.

Hapa kila mnunuzi ana kipimo chake. Huyu anachovya njiti ya kiberiti kwenye asali, kisha anaiwasha aone kama itashika moto. Yule anadondosha tone kwenye glasi ya maji aone kama litazama. Siwalaumu, maana wengi wameshauziwa shira ya sukari wakiambiwa ni asali ya Tabora. Lakini vipimo hivyo havimkamati tapeli. Njiti ikigoma kuwaka, sanasana imeonyesha kwamba asali ina maji mengi. Shira iliyochemshwa ikawa nzito huzama majini vizuri tu.

Anayeumia ni muuzaji mwaminifu. Asali safi ikikaa huganda, hasa miezi ya baridi. Glukosi iliyomo hujitenga ikawa chembechembe, na asali yenye glukosi nyingi huwahi zaidi. Mteja anainua chupa, anaona weupe umetuama chini, anasema, "Kaka, hii umetia sukari." Nimemwona mama lishe akirudisha ndoo nzima kwa sababu hiyo, na ilikuwa asali nzuri kuliko zote zilizokuwapo mezani.

Sasa muuzaji afanyeje? Wapo wanaoibandika kwenye jiko la mkaa mpaka iyeyuke, ing'ae, iuzike. Hapo ndipo inapoharibiwa. Moto mkali huua kimeng'enya cha diastazi, na fruktosi, sukari nyingine ya asali, huzalisha kwa wingi kemikali inayoitwa kwa kifupi HMF. Chupa zinazoanikwa juani kando ya barabara nazo hupatwa na hayo hayo, ila polepole. Kiwango cha kimataifa cha vyakula, Codex, kinaruhusu HMF isiyozidi miligramu 80 kwa kilo kwa asali ya nchi za joto kama yetu, na 40 kwa nyingine. Unyevu usizidi asilimia 20, maana ukizidi asali huchacha. Hakuna jicho linaloweza kuona HMF. Kwa hiyo mteja anakataa asali isiyoharibiwa na kuichukua iliyounguzwa, akiamini amejilinda.

Ndugu Mkurugenzi, ninaomba maofisa wako waje sokoni kwa siku zinazojulikana wakiwa na rifraktomita. Ni kifaa cha kushika mkononi: unaweka tone kwenye kioo, unachungulia kwenye mwanga, unasoma unyevu papo hapo mteja akiangalia. HMF, diastazi na sukari ya miwa iliyochanganywa zinahitaji maabara, hilo tunalielewa. Basi turuhusiwe wauzaji wadogo kuungana na kuleta sampuli moja kwa kila mzigo wa mrina mmoja, kwa ada ambayo mtaji wa ndoo tano unaweza kuihimili, na majibu yaandikwe kwa Kiswahili ili tuyabandike ukutani.

Asali ya nyuki wadogo wasiouma isihukumiwe kwa asilimia 20. Kwa asili yake ina maji mengi zaidi na ni chachu kidogo, na wengi huinunua kwa bei kubwa kama dawa. Iwe na kipimo chake.

Zaidi ya yote, shirika litamke redioni, kwa sauti yake lenyewe, kwamba asali kuganda si kasoro. Sisi tukisema, tunaonekana tunatetea biashara.

Maonesho ya Sabasaba hukusanya asali ya mikoa mingi uwanja mmoja. Wekeni meza ya kupimia pale, sisi tutaleta ndoo zetu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Muuza asali, Kariakoo