Risala ya wafugaji wa sungura wa Kadutu, Bukavu, kwa Mgeni wa Heshima

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, wazee wetu, akina mama na akina baba,

Karibu tena Kadutu. Kiti hicho ulikikalia siku kama ya leo miaka miwili iliyopita, na hatujasahau.

Tulianza na sungura 3 ndani ya katoni ya sabuni. Leo tuna majike 40, na wapo wanaotuita mji mkuu wa sungura wa Kivu Kusini. Hatukuwakatalia. Historia iishie hapo, mvua iko karibu.

Mheshimiwa, majike wote 40 wana mume mmoja. Mwalimu wetu wa biolojia alitufundisha hesabu ya Mmarekani Sewall Wright ya mwaka 1931: zidisha madume kwa majike, zidisha tena kwa 4, gawa kwa jumla yao. Jibu letu halifiki hata 4. Kwa macho ni sungura 41, kwa urithi ni kama wazazi 4! Ukichota maharagi ya mchanganyiko kwa vidole viwili, rangi nyingine zinabaki guniani kwa bahati tu, si kwa ubaya wake, na shamba halitaziona tena. Ndivyo kila kizazi kwetu kinavyopoteza karibu asilimia 13 ya tofauti za jeni. Vizazi 5, karibu nusu imekwenda, na mimba ya sungura ni mwezi mmoja tu.

Tayari watoto wanazaliwa meno yamepishana. Hayasagani, yanarefuka mpaka yanachoma mdomo. Kila Jumamosi mama mwekahazina anayakata kwa koleo.

Ulituahidi madume 6, tukajenga vibanda 6. Baada ya miezi 14 alifika mmoja. Tulishangilia, mpaka tukaona sikioni mwake alama ya wino tuliyoipaka wenyewe kabla ya kumuuza sokoni. Tulikuandikia barua ya shukrani hata hivyo. Ndiye huyo mume wa pekee. Vibanda 5 vilibaki kutunza makala ya kupikia.

Tunaomba wale 5 waliobaki. Hesabu itapanda hadi kama wazazi 21, na hasara ishuke chini ya asilimia 3. Tafadhali wasiwe wa tumbo moja: mmoja atoke Kabare, mwingine Walungu, Kalehe, Idjwi, Uvira. Ndugu watano ni dume mmoja aliyebadilisha koti.

Safari hii tunaomba na tarehe. Daftari liko mbele yako, kalamu ina wino, na makala tumeyahamisha tangu jana.

Ni sisi, wafugaji wako.