Mmemlisha Machiavelli maneno

Ndugu Mhariri,

Mwandishi wa safu yenu ya siasa aliandika Jumapili iliyopita kwamba Machiavelli, yule mwandishi wa siasa wa Italia wa karne ya 16, aliwafundisha watawala kuogopwa badala ya kupendwa. Akaweka nukta, akaendelea na mengine. Mimi naomba nafasi niifute ile nukta.

Sura ya 17 ya kitabu chake, Il Principe (yaani “Mtawala”), haiishii hapo. Anasema ingefaa mtawala apendwe na aogopwe pia, ila ni shida mawili hayo kukaa chungu kimoja. Ikibidi kuchagua, kuogopwa kuna usalama zaidi. Papo hapo anaweka sharti: aogopwe, lakini asichukiwe. Na ili asichukiwe, asiguse mali za raia wala wanawake wao. Kisha anatoa neno kavu ambalo kila nikilisoma hucheka kwa uchungu: mtu husahau kifo cha baba yake upesi kuliko kupotea kwa urithi wake. Aliyewahi kukaa kikao cha ndugu wanaogombea shamba, kaburi bado bichi, hataomba ushahidi.

Hayo hakuyaokota hewani. Mwishoni mwa 1502 Jamhuri ya Florence, serikali ya mji wake aliyoitumikia, ilimtuma kwa Cesare Borgia, mtoto wa Papa Alexander VI, aliyekuwa akijitwalia miji ya Romagna, mkoa wa Italia. Borgia alikuwa amemkabidhi eneo hilo Remirro de Orco, mtu katili asiye na simile, aunyooshe mkoa. Mkoa ukanyooka, lakini watu wakajaa chuki, na Borgia akaona chuki hiyo itamfikia yeye. Asubuhi moja ya Desemba wakazi wa Cesena waliamka wakamkuta Remirro uwanjani, vipande viwili, pembeni yake gogo na kisu chenye damu. Machiavelli alikuwa mjini humohumo. Baadaye aliandika kwamba watu waliridhika na kupigwa bumbuwazi kwa pamoja. Simtetei Borgia hata kidogo. Lakini tazama: muuaji kama yule aliiogopa chuki ya wachuuzi na wakulima mpaka akamtoa kafara mtu wake mwenyewe.

Mwandishi wenu anamwita Machiavelli pia “mshauri wa ikulu”. Ikulu ipi? Ukoo wa Medici uliporudi madarakani Florence mwaka 1512, alifukuzwa kazi ya serikali aliyoifanya miaka 14. Februari 1513 akakamatwa kwa kushukiwa njama, akafungwa mikono nyuma, akavutwa juu kwa kamba na kuachiwa ghafla, si mara moja. Alipotoka gerezani alikwenda kuishi shambani kwake, Sant'Andrea. Barua aliyomwandikia rafiki yake Desemba ile inasimulia mchana wake: anacheza kamari kilabuni na muuza nyama na msaga nafaka, wanagombania senti hadi kelele zinasikika kijiji cha jirani. Jioni anavua nguo zenye matope, anavaa za heshima, anakaa saa nne na vitabu vya wahenga wa Roma na Ugiriki. Humo ndimo kilimotoka kitabu, ambacho kwa kweli kilikuwa pia barua ya kuomba kazi kwa haohao Medici. Kilichapwa mwaka 1532, miaka mitano baada ya kufa kwake.

Na ile kauli ya “lengo huhalalisha njia” mliyoipamba kwa herufi nene haimo kitabuni.

Akirudi kwenye mada hii, mwandishi wenu aanzie sura ya 20, panapoelezwa ngome. Machiavelli anazipima moja moja, na aliyoiona bora kuliko zote haikujengwa kwa mawe: ni mtawala kutochukiwa na watu wake. Ni kurasa chache tu. Nakala yangu mende wameitafuna pembeni, lakini inasomeka, na niko tayari kumwazima mradi airudishe.

Mwalimu mstaafu wa historia,
Tanga