Wanangu askari wa Tanga, kuitwa kazini si kisingizio

Kwa makonstebo na makoplo wa Chumbageni, Pongwe na vituo vyote vya mkoa wetu,

Asalaam aleikum, na Bwana asifiwe kwa wa upande wa pili.

Nimestaafu, sina tena mamlaka ya kumsimamisha mtu gwarideni. Lakini mdomo sikuukabidhi stoo pamoja na sare, kwa hiyo leo mtanisikiliza.

Juzi nilialikwa akika hapa Makorora. Baba wa mtoto ni koplo. Mbuzi kachinjwa, pilau limeiva, wakwe wamepanda basi toka Lushoto, mwalimu wa madrasa keshakaa mkekani anauliza baba mtu yuko wapi. Mke akaonyesha simu: "Nimeitwa, dharura, endeleeni." Watu wakamwonea huruma afande wa watu. Mama mkwe wake akampakulia sahani yake, akaifunika kawa, akaiweka juu ya kabati. Hata hatujanawa mikono, kaingia kijana wa bodaboda kaleta soda, akasema bila ubaya wowote kwamba afande kamwacha sasa hivi Raskazone, kavaa jezi, anaangalia mpira. Yule bibi hakusema neno. Aliinuka, akaishusha ile sahani, akampa kijana wa bodaboda.

Sigombi kwa sababu ya mpira. Askari naye ni mtu, apumzike. Nagomba kwa sababu yule kijana hajui alichokichezea, na najua hayuko peke yake. Nimekaa kota miaka mingi, hizi "dharura" za saa mbili usiku zinazorudi zikinuka bia ninazijua harufu yake.

Sikilizeni. Ninyi hamna saa. Karani wa benki na mpakiaji wa bandarini wanayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: saa 45 za kawaida kwa wiki, zikizidi zinaitwa ovataimu na zinalipwa. Sheria hiyohiyo imewataja wasiohusika nayo, na polisi mmo, pamoja na Jeshi la Wananchi, Magereza na JKT. Sheria yenu wenyewe ya Jeshi la Polisi, Sura ya 322, inamhesabu askari kuwa yuko kazini wakati wote. Sasa mkeo ashike wapi? Mke wa karani anaweza kuangalia saa ya ukutani akasema huyu kachelewa, leo ataniambia alikopitia. Wako hana saa ya kuangalia. Anacho kimoja tu cha kumwambia kama uko salama au la, kama akusubiri au alale, kama ahofu au akasirike, nacho ni kauli yako. Ukiiuza hiyo kwa dakika tisini za mpira, umebaki na nini nyumbani kwako?

Februari 2015, pale mapango ya Amboni, polisi na wanajeshi walipambana na watu wenye silaha. Mwezi uliotangulia askari wawili walikuwa wameporwa bunduki mjini hapa hapa. Mwanajeshi mmoja alikufa, wengine wakajeruhiwa. Walioitwa siku zile hawakuwa na muda wa kueleza. Mtu alifunga kamba za viatu, akasema "nimeitwa", akatoka, na waliobaki walishika tasbihi na rozari mpaka aliporudi. Hebu niambie mwanangu, siku yako kama ile ikija, mama mkwe wa Lushoto atakuombea dua au atauliza leo wanacheza nani na nani?

Njia ya mwongo ni fupi, na Tanga ni mji mdogo. Kila pikipiki inamjua afande.

Nitawaambia nilivyofanya mimi, na mimi nilikuwa WP, askari polisi wa kike, mwenye watoto, si mwanamume wa kuachiwa chakula juu ya kabati. Nyuma ya mlango wa jikoni niliandika kwa chaki mambo matatu: zamu, stendibai, ofu. Kila jioni nilitia alama. Mwanangu wa mwisho alikuwa hajui kusoma, lakini alijua alama ikiwa juu mama halali nyumbani, ikiwa katikati mama yupo ila asiahidiwe kitu, ikiwa chini mama ni wake. Na alama ya chini niliiheshimu. Sikwenda kuuza sura kituoni siku ya ofu ili mkubwa anione mchapakazi. Wapo wanaofanya hivyo, halafu nyumbani wanalalamika kazi inawamaliza.

Stendibai nayo ina adabu yake. Simu iwe na chaji na salio. Usitie pombe mdomoni. Usitoke kwenda Pangani kula samaki ukasema utawahi kurudi. Sare iwe imepigwa pasi na begi liwe mlangoni, maana askari anayetafuta soksi huku simu inalia hugombana na mke kwa kosa la soksi.

Na tuacheni kudanganyana kwamba kila wito ni wa ghafla. Uchaguzi una tarehe. Mwenge una ratiba. Idi, Krismasi na mkesha wa Mwaka Mpya mnavijua tangu mafunzo ya depo kwamba askari hapumziki. Coastal Union ikicheza na timu kubwa Mkwakwani, tangazo liko wazi siku nyingi. Sasa wewe unapangaje harusi ya dada yako wiki ya uchaguzi, kisha unalia kwamba jeshi limekunyima kumwoza dadako? Kaa na wazee, waeleze kalenda yako, wasogeze siku. Watasogeza. Wazee wetu wanaahirisha shughuli kwa ajili ya mvua, hawatashindwa kwa ajili yako.

Mengine nayataja tu, mnayajua. Likizo ichukueni yote, msiifanye mradi wa kukaa nje ya kota mkipiga soga. Ukitoka lindo, lala kabla hujagusa pikipiki. Hasira za mshitakiwa zisiingie kwa mtoto. Bunduki inarudi ghalani, haina kazi nyumbani. Ukiona maiti ya ajali usiku haikutoki machoni, mwambie mtu, usijifanye chuma.

Sasa niseme na wakubwa, maana sitawaonea vijana peke yao. Zamani kumwita askari ilibidi atumwe mwenzake akagonge mlango, kwa hiyo mkuu alifikiri kwanza anamhitaji nani. Siku hizi simu imerahisisha, anatupa ujumbe kwenye grupu la kituo saa sita usiku, "wote ripotini", wakifika thelathini anawahitaji wanane. Hao ishirini na wawili wamevunjiwa usingizi na neno lao nyumbani limepungua thamani bure. Tena ratiba ya zamu ibandikwe ukutani, kila mtu aione. Lindo la usiku wa sikukuu lisiwe urithi wa yule asiye na mtu wa kumsemea.

Na WP wangu, nawajua. Mwanamume akiitwa usiku anaitwa mchapakazi, ninyi mkiitwa wifi anahesabu saa na jirani anachungulia gari gani limekushusha. Hilo si kosa lenu na wala msiliombee radhi. Waume zenu ndio wa kulisemea mbele ya ndugu zao. Mume anayenyamaza mkewe akitukanwa kwa kazi inayolipa ada ya watoto wake, huyo nikimkuta barazani atanitambua.

Nanyi watu wa mitaani, kuanzia Ngamiani mpaka Sahare. Kuku kaibwa, mnagonga kwa afande. Mtu na mkewe wamerushiana sufuria, mnagonga kwa afande. Ukimkatalia, "anaringa." Namba ya dharura ni 112, hata usiku. Kaunta ya kituo haifungwi. Mambo ya mume na mke, na ya watoto, yana Dawati la Jinsia na Watoto, lina watu waliofunzwa kazi hiyo. Yule kijana aliyerudi lindo asubuhi kalala, ana usiku mwingine mbele yake. Mwacheni.

Mama yenu,
WP mstaafu,
Mwanzange, Tanga