Barua kwa Mama Neema: seli zinazokataa kufa

Kampala,
Jumapili jioni

Mama Neema mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku. Sote tu wazima, ila mvua haijatuachia tangu wiki ianze. Ujumbe wako kuhusu yule mtoto wa darasa lako la kwanza aliyevimba taya nimeusoma na kuurudia, nikaona simu haitatosha kuujibu. Ukimaliza kusahihisha madaftari, kaa uisome taratibu.

Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, kama kweli taya la mtoto linaweza kuvimba vile ndani ya wiki chache, au ni mama yake aliyechelewa kuona. La pili umeliuliza kwa upole wako ule ule: mtu anawezaje kutoka kwetu Musoma, akawaacha watoto wanaohitaji kuponywa, akaja kusomea jinsi seli zinavyokufa? Kwa ugonjwa huu maswali hayo mawili yana jibu moja, na nitajaribu kulifikia.

Nianze na mama, maana yeye ndiye asiyelala. Hakuchelewa. Kama majibu ya kinyama walichokata yatathibitisha kile madaktari wanachoshuku, yaani limfoma ya Burkitt, saratani ya seli za kinga, basi hiyo ni miongoni mwa saratani za binadamu zinazokua kwa kasi kuliko zote. Seli zake zinaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Leo jino linacheza, watu wanasema ni meno ya utoto. Baada ya wiki mbili shavu limejaa na jicho limesukumwa juu. Na kung'olewa jino kwanza ni jambo linalowapata wengi, kwa sababu uvimbe hulegeza meno kabla haujaonekana usoni. Mwambie hivyo, tafadhali, na uwaambie pia mashangazi wanaonong'ona nyuma yake.

Ugonjwa huu ulitambuliwa kwenye kilima hiki hiki ninachokipanda kila asubuhi. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, daktari mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliitwa kumwangalia mvulana wa miaka mitano aliyevimba taya zote, juu na chini, kushoto na kulia. Haukupita muda mrefu, akiwa Jinja, akamwona msichana mwenye uso wa namna ile ile. Akaanza kupekua majalada ya wagonjwa, na mwaka 1958 akachapisha alichokiona. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili waliendesha gari kuukuu kilometa zipatazo 16,000, kutoka Uganda wakapita Kenya na Tanganyika hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali baada ya hospitali: watoto wa namna hii mnawaona? Ramani waliyorudi nayo ilifuata joto na mvua, ukanda ule ule wa malaria isiyokoma. Sisi wa ziwani tumo ndani yake.

Mwaka huo huo Burkitt alitoa mhadhara London, na mtafiti Anthony Epstein akawa miongoni mwa wasikilizaji. Tangu hapo vinyama vya uvimbe vikawa vinasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Desemba 1963 ndege iliyobeba kimojawapo ilizuiwa na ukungu, ikatua Manchester, na kichupa kilipofika maabara kwa kuchelewa maji yake yalikuwa yamechafuka. Ungedhani bakteria wameingia na kinyama kimeoza. Epstein akaweka tone chini ya hadubini, akakuta seli za uvimbe zikielea, moja moja, zikiwa hai. Kutokana na seli za namna hiyo Epstein na wenzake, Achong na Barr, wakaonyesha mwaka 1964 kirusi ambacho leo kinaitwa Epstein-Barr. Mimi kila nikikumbuka kisa hicho nawaza jambo moja: seli iliyotolewa kwenye taya la mtoto, ikapozwa, ikasafirishwa, ikacheleweshwa, ilipaswa kufa. Haikufa.

Sasa nije kwenye vifo.

Ukitazama kipande cha uvimbe huu kwenye slaidi, unaona seli za bluu nzito zimebanana, zote zinafanana, nyingi zikiwa katikati ya kujigawa. Lakini ndani ya bluu hiyo kuna madoa meupe yaliyotawanyika. Wataalamu wa patholojia, wale wanaochunguza vinyama vya wagonjwa, huita mwonekano huo anga lenye nyota. Kila nyota ni seli kubwa ya kinga, makrofaji, na tumbo lake limejaa mabaki ya seli za uvimbe zilizokufa. Yaani saratani inayokua kwa kasi hivyo ndiyo hiyo hiyo iliyojaa maiti. Siku nilipoelewa nyota zile ni nini ndipo nilipochagua kazi hii, na sijajuta.

Seli inaweza kufa kwa namna mbili kuu, tena tofauti kabisa. Ikikosa hewa au ikiunguzwa hupasuka, vilivyomo vikamwagika, na jirani zote zikavimba na kuuma. Lakini ipo namna nyingine, ambayo watafiti Kerr, Wyllie na Currie waliieleza mwaka 1972 wakiwa Aberdeen, Scotland, nayo inaitwa apoptosisi. Hapo seli hufa kama mpangaji anayehama kwa heshima: anafungasha vyake, anafagia chumba, anakabidhi ufunguo, na majirani hawasikii kelele. Seli hunywea, hukata DNA yake yenyewe vipande vipande, hujigawa katika vifurushi vidogo, kisha hugeuza nje mafuta ambayo kwa kawaida hukaa upande wa ndani wa utando wake. Mafuta hayo ndiyo ishara kwa makrofaji kuja kumeza.

Bila kifo hicho wewe na mimi tusingekuwa na vidole vilivyoachana. Mtoto akiwa tumboni kiganja chake huanza kama kibapa, na seli zilizo katikati ya vidole hufa kwa zamu yake. Mkia wa kiluwiluwi huondoka kwa njia hiyo hiyo.

Kwamba hili limeandikwa ndani ya jeni tulilijua kutoka kwa mnyoo mdogo wa urefu wa milimita moja, asiye na faida wala madhara kwa yeyote. Sydney Brenner, mzaliwa wa Afrika Kusini, ndiye aliyemchagua. John Sulston alikaa Cambridge akizifuata seli zake moja baada ya nyingine kwa hadubini, saa kwa saa, hadi ikajulikana kwamba mnyoo huyo akikua hutengeneza seli 1,090 za mwili, na 131 kati ya hizo hufa. Daima 131, daima zile zile. Nikiwaza uvumilivu wa yule mtu naona aibu kulalamika mgongo. Kisha Robert Horvitz na wanafunzi wake Marekani wakapata jeni zinazoamuru: ukiiharibu ced-3, seli zile 131 hazifi. Na ced-9, inayozuia kifo, ikaonekana ni ndugu wa jeni ya binadamu iitwayo BCL2, ambayo ilikuwa imeshagunduliwa ndani ya saratani nyingine ya tezi za limfu. Huko Melbourne, mwaka 1988, David Vaux na wenzake walikuwa wameonyesha kazi yake: BCL2 haifanyi seli zijigawe haraka, inazifanya zisife. Hapo ndipo watu walipoanza kukubali kwamba saratani inaweza kutokana na kifo kilichokosekana. Mwaka 2002 Brenner, Sulston na Horvitz walipewa Tuzo ya Nobel.

Turudi kwenye taya la mtoto wako. Ndani ya seli moja ya kinga, aina ya B, kipande cha kromosomu (uzi unaobeba jeni) ya 8 hukatika na mara nyingi hujibandika kwenye kromosomu ya 14. Kipande hicho kina jeni iitwayo MYC, inayoamuru seli ijigawe. Pale ilipohamia ni mahali pasipozimwa kamwe, kwa sababu ndipo seli B inapotengenezea kingamwili zake. Basi seli inajigawa na kujigawa. Lakini mwili haukuumbwa kijinga: MYC ikizidi, amri ile ile inaiambia seli ife. Ndiyo maana nyota ni nyingi. Ili uvimbe uendelee ni lazima seli chache zipate njia ya kutosikia amri ya pili. Baadhi huharibika jeni ya protini ya p53, ile inayopima madhara kwenye DNA na kuamua seli ife. Kirusi cha Epstein-Barr nacho kina jeni yake, BHRF1, inayofanana na BCL2 yetu, na katika baadhi ya uvimbe hutumika kuiweka seli hai. Malaria ya mara kwa mara huzichokoza seli B zijigawe sana na hudhoofisha ulinzi dhidi ya kirusi hicho, kwa hiyo nafasi ya ajali ya kromosomu huongezeka. Karibu sote tunacho kirusi hicho tangu utotoni, Mama Neema. Hakuna aliyemwambukiza mtoto huyo saratani, na darasani asitengwe.

Umeona sasa kwa nini siwezi kuitenganisha kazi yangu na kuponya? Seli hizi zinasimama ukingoni. Zinasukumwa kufa kila saa, na kuna kitu kidogo tu kinachozishika. Dawa kama saiklofosfamidi huharibu DNA kiasi cha kuzisukuma zivuke ukingo, na hapo mitokondria, vinu vya nishati vya seli, hutobolewa, protini iitwayo saitokromu humwagika ndani ya seli, na vimeng'enya viitwavyo kaspasi huanza kukata kila kitu. Katika miaka ya 1960 hapa Mulago walishaona watoto wenye mataya makubwa wakipona kwa dozi chache za dawa hiyo moja, na mwaka 1967 kikafunguliwa kituo cha kutibu limfoma ambacho leo ni Taasisi ya Saratani ya Uganda. Katika nchi tajiri watoto tisa kati ya kumi wenye ugonjwa huu hupona. Huku kwetu ni pungufu sana ya hapo, na hilo linaniuma, kwa sababu uvimbe ni ule ule. Watoto hufika wamechelewa, nauli huisha, mzunguko wa dawa hukatizwa mara uvimbe ukinywea na mtoto akaanza kucheza.

Mimi kazi yangu ni kutafuta kile kitu kidogo kinachozishika. Nakuza seli za uvimbe katika joto la nyuzi 37, nazipa dawa, kisha natia rangi inayonata kwenye yale mafuta yaliyogeuzwa nje, na mashine inanihesabia zilizoanza kufa. Kuna dawa iitwayo venetoklaksi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016 kwa aina mojawapo ya saratani ya damu, inayoikamata BCL2 na kuifungua seli ife. Kwa bahati mbaya Burkitt kwa kawaida haitegemei BCL2. Ushahidi mwingi unaelekeza kwa nduguye, MCL-1, ila moyo nao unaihitaji protini hiyo hiyo, na dawa zake zilizojaribiwa zimeleta hofu ya madhara ya moyo. Hapo ndipo tulipo. Ni kazi ya polepole, na siku nyingine narudi nyumbani na jedwali lisilosema lolote, lakini naiamini.

Upande wa pili sitauongelea sana leo: yapo magonjwa ambayo seli hufa zisipotakiwa, kama za ubongo katika kiharusi. Hata seli za kinga ziitwazo CD4 katika VVU, nyingi hufa kwa mlipuko unaochochea mwili kuvimba na kuuma zaidi, kabla kirusi hakijafanikiwa kuzaliana ndani yake. Nitakuandikia siku nyingine.

Jambo moja la haraka, na hili mwonyeshe mama yake. Dawa ikianza, seli hizi hufa kwa mamilioni kwa wakati mmoja, na vilivyomo huingia kwenye damu. Potasiamu ikipanda huvuruga moyo, na asidi ya uriki huziba figo. Ndiyo sababu watamwekea dripu nyingi za maji na vidonge vya alopurinoli kabla na wakati wa dawa, na watapima mkojo wake. Asione kama wanachelewesha tiba. Mkojo ukipungua siku hizo za kwanza, au akisema moyo unamwenda mbio, asingoje asubuhi, amwamshe muuguzi usiku huo huo. Na uvimbe ukiyeyuka baada ya mzunguko wa kwanza, kama ninavyoomba, asimrudishe nyumbani. Mizunguko iliyobaki ndiyo ya zile seli zilizojificha.

Kuhusu nauli, walimu mkichanga nijulisheni, nami nitatuma changu mwisho wa mwezi. Majibu ya kinyama yakitoka piga picha ya karatasi unitumie hata kama ni usiku, na uniambie kama wamepima pia uti wa mgongo na tumbo.

Msalimie Neema na baba yake. Mama nimempigia jana, anasema dagaa mwaka huu ni wengi na kwamba hujafika kumwona.

Ni mimi rafiki yako tangu bwenini,

Nyamizi