Mjomba, rodi yako haikuchukuliwa na meli

Mjomba, shikamoo.

Uliponipigia Ijumaa ile ukauliza, "Na breki ilikuwaje?", nilisema sikusikii. Nikasema hallo, hallo, halafu simu ikakatika. Haikukatika yenyewe, Mjomba. Niliikata mimi. Nilikuwa nimekaa barazani kwa Mama, mtandao mzima, na sauti yako naisikia kama uko chumba cha pili unatafuta miwani.

Naandika hadharani kwa sababu habari ya rodi yako, ile fimbo ya kuvulia iliyochukuliwa na bahari mikononi mwangu, imeshatembea mjini na kila mtu ana yake. Kuna anayesema wimbi la meli. Kuna anayesema papa. Jamaa mmoja wa Likoni, ambaye siku hiyo hata feri hakuvuka, amesimulia kinyozini kwamba nilivutwa mimi pamoja na rodi, nikaokolewa nikiwa nimeng'ang'ania mzizi wa mbuyu. Basi nimeona bora niseme mara moja, uisome wewe na waisome wao.

Ulipohamia Maskati mwaka 2016 uliniachia ile rodi ya kijani ya futi 12, rili yake ya kuzungushia uzi, na kopo la ndoana. Mpini ulikuwa umeuzungushia kitambaa cha kikoi kikuukuu, maana ulisema mpira wa dukani huteleza mkono ukishashika ngisi. Ukanipa na masharti mawili. Nisimwazime mtu. Na rodi ikilala, breki ya rili ilegee, samaki akivuta uzi utoke.

La kwanza nimelishika mpaka mwisho.

Wenzetu wa mwambani, pale Lighthouse ya Mombasa, si wale uliowaacha. Wawili wamehama, na yule wa Majengo mliyekuwa mkigawana chai Mola kamchukua. Sasa tuko watano. Yuko Fundi wa cherehani. Yuko Mwalimu wa shule ya msingi, anayekuja na daftari akaandika kila samaki: tarehe, saa, chambo. Yuko kijana wa tuktuk, na mzee mmoja aliyestaafu bandarini tunayemwita Karani, na mimi. Hakuna hata mmoja anayekula kwa uvuvi. Wavuvi wenyewe wakipita na ngalawa chini yetu hutucheka. Mmoja alituangalia jinsi kamba wetu wanavyoliwa, mmoja baada ya mwingine, ndoana zinarudi tupu, akasema kwa utaratibu kabisa: "Nyinyi hamvui. Nyinyi mnafuga."

Hana kosa. Kamba wa chambo shilingi 300, tuktuk kwenda na kurudi (kijana wetu hatupunguzii, anasema kazi ni kazi), mihogo ya kuchoma, halafu narudi na changu watatu wa ukubwa wa kiganja. Mke wangu aliwahi kupiga hesabu ya kilo moja ya samaki wangu, akasema kwa bei hiyo heri tule mbuzi. Lakini kila bamvua likifika, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ananitilia chai ya tangawizi kwenye chupa mwenyewe, bila kuombwa. Ile chai ina sehemu yake katika habari hii.

Lighthouse penyewe ungepapotea. Pale ulipokuwa ukiegemeza baiskeli chini ya mbuyu pamejengwa tangu 2019: njia za kutembea, viti, taa. Mibuyu ipo. Wauza mihogo wapo na ndimu na pilipili zao, na madafu, na jioni watu huleta watoto kutazama meli zinaingia. Ukishuka mwambani ndipo unakuta hakuna kilichobadilika, matumbawe yale yale yanayokula ndara.

Karani hataki jedwali la simu. Anahesabu mwezi kwa vidole kama ulivyokuwa ukifanya wewe: mwezi mosi na mwezi kumi na tano maji hujaa karibu na saa kumi, ya alfajiri na ya jioni, na hupwa saa nne, halafu kila siku huchelewa dakika 50 hivi. Bamvua likishika, maji ya hapa kwetu hupanda zaidi ya mita 3, kwa hiyo jiwe uliloketi saa tisa, saa kumi na moja samaki wanapita juu yake. Mwalimu yeye ana jedwali kwenye simu. Hubishana kwa dakika tano nzima kuhusu tofauti ya dakika kumi.

Tangu Mei hadi Septemba hatukanyagi pale. Kusi ikivuma mawimbi hupanda mwamba mzima, tunakimbilia hori la Mtwapa, ambako maji yametulia na mbu hawajatulia. Nanyi huko mna miezi yenu ya kukaa: uliniambia nguru, mnayemwita kanadi, haruhusiwi kuvuliwa kuanzia tarehe 15 Agosti hadi 15 Oktoba, ili apate kuzaa. Nilicheka ulipoyasema hayo, maana sisi ni kusi inayotupa likizo, na haina faini.

Haya, Jumamosi yenyewe.

Ilikuwa mwishoni mwa Novemba, kaskazi inaanza, mwezi kumi na saba. Tulishuka saa tisa u nusu maji yakipanda. Karani alisema yatajaa saa kumi na moja u nusu, jedwali likasema na dakika arubaini, tukaacha wamalizane.

Saa kumi na robo chubwi yangu, ile risasi ya kuzamishia uzi, ikaingia kwenye ufa wa mwamba ikagoma. Dawa yake unaijua: unafunga breki ya rili mpaka mwisho, unaielekeza rodi sawa na mshipi, unarudi nyuma taratibu mpaka uzi ukatike. Nikafunga. Nikarudi nyuma. Ukakatika. Nikafunga ndoana nyingine, nikatia kipande cha ngisi kirefu kama kidole, nikatupa mbali, kule maji yanakobadilika rangi ukingoni mwa njia ya meli. Rodi nikailaza kwenye ule ufa wetu, mpini nikauwekea jiwe juu.

Breki sikuigusa.

Muda si muda Fundi akapata tafi. Tafi hula majani ya baharini, lakini Fundi humwita kwa donge la unga wa ngano uliokandwa na humpata kweli. Huyu akatoka mnono. Fundi akamshika mgongoni kama anavyoshika kitambaa. Mjomba, wewe ulituambia tangu tuko wadogo kwamba tafi hashikwi mgongo. Miiba ikamwingia kwenye dole gumba, akapiga ukelele mpaka watoto wa kule juu wakaacha krisps zao. Mwalimu akasema maji ya moto, maji ya moto ndiyo huvunja sumu ile, na cha moto pekee kilichokuwapo pale ni chai yangu. Basi Fundi kakaa na dole ndani ya kikombe cha tangawizi, Mwalimu anaionja kwanza asije akamuunguza, inapopoa anamimina nyingine, Karani anamsomea, kijana wa tuktuk anapiga picha.

Mimi nikaona, kwa kuwa chai yote imekwenda kwenye dole, nipande juu nikanunue viazi karai.

Nilikuwa mbele ya karai. Yule mama alikuwa ameshatia viazi vinne kwenye karatasi, anachota ukwaju, ananiuliza pilipili nyingi au kidogo. Nikamsikia Karani, mtu ambaye sijapata kumsikia akipaza sauti, anaita, "Rodi! Rodi!" Nikageuka. Kutoka pale juu mwamba wote unauona. Ncha ya rodi ilikuwa imeinama mpaka inataka kugusa maji. Jiwe likaviringika. Mpini ukachomoka ufani. Haikuruka, Mjomba, ningeona nafuu kama ingeruka. Iliteremka ikikwaruza, taratibu, kama mtu anayeburuta kiti usiku asiamshe watu, ikafika ukingoni, ikaingia. Kile kitambaa cha kikoi kilionekana kwa muda wa kuhesabu tatu, kinakwenda na maji kuelekea Likoni. Halafu basi.

Breki ingekuwa imelegea, rili ingelia, uzi ungetoka, na Karani alikuwa hatua nne tu kutoka pale. Angeidaka. Kolekole wa kilo nne au tano akigeukia kina hangoji mtu achague pilipili. Nasema kolekole kwa kuwa ilikuwa saa yake, maji yanakaribia kusimama na jua linashuka, na kwa kuwa nikisema alikuwa taa, yule samaki bapa, nitaona haya zaidi.

Dakika kama saba baadaye ikapita meli ya makontena inaingia Kilindini, karibu vile zinavyopita pale, unahesabu mpaka kutu zake. Wimbi lake likaja likaupiga mwamba, tukalowa miguu. Tulikuwa tumekaa kimya, hata Fundi. Karani, ambaye umri wake wote kaumalizia kuziandika meli vitabuni, akalitazama lile wimbi likirudi akasema: "Semeni meli. Meli haina wa kuitetea."

Hivyo ndivyo uongo ulivyozaliwa. Sikuuzaa mimi, ila niliulea. Mama nilimwambia meli. Wewe nilikuandikia meli. Mke wangu nilimwambia meli, akaniangalia, akauliza, "Na viazi ulivila?" Nilivila. Sikujua la kuvifanya.

Aliyekataa ni Mwalimu peke yake. Hakunisuta wala hakumwambia mtu, ila juzi nilifungua daftari lake nitazame changu wa Oktoba, nikaukuta mstari wa siku ile. Tarehe. Saa 11:05 jioni. Chambo: ngisi. Samaki: hakuonekana. Na pale pa maelezo, kwa mwandiko wake wa ubaoni, neno moja: breki. Nikalifunga daftari, nikarudi nyumbani, nikaanza barua hii.

Tangu siku hiyo nimekwenda mara mbili, ingawa ni maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, na hakuna mwenye akili anayekwenda. Nimekwenda na mshipi wa mkono, ule ulionifunza nikiwa na miaka 9: uzi umezungushiwa chupa ya soda, chubwi, ndoana moja. Nilikuwa nimesahau vile samaki anavyosema na kidole bila mti katikati. Changu anadonoa mara mbili, anaacha, anakusikilizia, anarudi. Kikande hukitafuna chambo kimyakimya, ukivuta unakuta ndoana inang'aa kama imeoshwa. Siku ya pili nilipata changu saba, na bunju mmoja aliyejivimbisha akatutazama wote kama tunamdai. Nikamrudisha baharini taratibu. Sumu yake hata paka wa Mama simtakii, pamoja na wizi wake wote.

Wale changu mke wangu aliwapaka tui na ukwaju akawachoma. Hesabu ya kilo hakuirudia.

Rodi mpya nimeulizia. Dukani kuna ya futi 12, lakini nyekundu, na mpini wake ni ule ule wa mpira unaoteleza. Nilipoambiwa bei niliirudisha ukutani kwa adabu. Nimeanza kuchanga, na itakapopatikana ni yako, mimi nitakuwa mtunzaji tu. Kitambaa cha mpini tayari ninacho: Fundi amenikatia kipande cha kikoi, cha bluu na nyeupe, akakataa pesa. Alisema ni malipo ya chai.

Mjomba, nisamehe. Usipite kwa Mama kuniombea, nisamehe wewe mwenyewe, na kama una neno zito liseme, nimejiandaa. Jumamosi hii ni mwezi mosi, maji yanajaa saa kumi, nitakuwa mwambani na chupa yangu. Piga Jumapili usiku, baada ya isha. Uliza tena breki ilikuwaje. Simu sitaikata.

Mpwa wako