Bei za boti zilizotumika huku kusini zinapangwa na korosho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongelee bei za mashua na boti zilizotumika huku kwetu Mtwara na Lindi, maana hali ilivyo sasa mtu analipia msimu na rangi, chombo chenyewe hata hajakikagua.

Kila mwaka ni vilevile. Minada ya korosho ikianza mwezi wa 10 na hela ikianza kuingia kwenye akaunti, watu wa Tandahimba na Newala ambao bahari wanaiona wakija mjini tu wanashuka Feri kutafuta boti, na hapohapo upepo wa kusi unaisha, msimu wa kaskazi unakaribia, bahari inatulia na wavuvi wenyewe nao wanataka vyombo. Bei inapanda kwa mambo mawili kwa mpigo na hakuna hata moja linalohusu ubao. Chombo hichohicho mwezi wa 7 kilikuwa kimelala mchangani Msanga Mkuu, mwenyewe anambembeleza kila anayepita. Watu wanabishana laki mbili mwezi wa 11 wakati wangenunua kipindi cha kusi wangepunguziwa zaidi ya hapo bila hata kubishana. Kilwa nako wamepata lao, tangu Rais Samia aweke jiwe la msingi la bandari ya uvuvi Kilwa Masoko Septemba 2023 ukiuliza boti ulianza kuambiwa "bandari hiyo inakuja", sasa bandari itaziba tundu za mkuku, ule mti mkuu wa chini ya boti?

Kinachowaumiza wengi zaidi ni bei ya jumla. Dalali anakwambia tuseme milioni 9, boti na mashine na nyavu, chukua uondoke. Hivyo ni vitu vitatu na kila kimoja kinachakaa kivyake, kwa hiyo mwambie avitaje bei kimoja kimoja. Akishaanza kutaja utaona mwenyewe, nyavu ameziweka bei karibu na ya dukani wakati nusu ni viraka, mashine ndo kaipandisha juu, na boti ikibaki peke yake inakuwa na bei ambayo hata yeye anaona aibu kuitamka.

Boti ya mbao bei yake inaanzia kwa fundi. Nenda kwa mafundi wawili tofauti waulize kuunda mpya ya urefu ule leo ni shilingi ngapi, mbao, misumari, pamba ya kalafati ya kuzibia nafasi za mbao na ufundi, hapo unapata dari ambayo bei ya iliyotumika haitakiwi kuigusa. Halafu unashuka. Chukua kisu kidogo pita nacho kwenye mkuku na ubao wa kwanza unaokutana na mkuku, bonyeza na pembeni ya misumari, kisu kikizama kirahisi ujue humo ndani mdudu ameshakula. Huyu mdudu wa bahari kwa nje anaacha kitundu kidogo sana, unaweza ukapita bila kukiona, ila ndani kachimba njia ubao mzima. Muulize muuzaji mara ya mwisho kuipandisha, kuichoma na makuti kwa chini na kuipaka sifa, yale mafuta ya samaki, ilikuwa lini. Akijiumauma, punguza. Rangi mbichi kwa chini, punguza pia, au mwambie akukwangulie kipande pale utakapochagua wewe sio yeye. Mataruma, zile mbavu za ndani, nayo yashike moja moja utikise, taruma lililopasuka kulitoa ni kazi inayofungua mbao za jirani, kwa hiyo gharama yake sio ya kipande kimoja cha mti.

Ila tuwe na haki na kwa muuzaji. Mashua iliyokaa juani miezi miwili lazima ivuje siku ya kwanza, mbao zimekauka na kuachana, ikikaa majini siku kadhaa zinavimba zinajifunga, sasa kuna wanunuzi wanaona maji wanataka wapunguziwe milioni nzima, huo nao ni wizi. Mi huwa naangalia kile kidumu kilichokatwa cha kutekea maji. Kikiwa ukingo umesagika mpaka umekuwa mwembamba na kinakaa karibu na mkono wa nahodha, hiyo boti inavuja kila siku.

Boti ya faiba, isiyo ya mbao, ni habari nyingine. Igonge na mpini wa nyundo kuanzia omo kule mbele mpaka tezi kule nyuma, sauti ikibadilika ikawa nzito iliyofifia basi hapo matabaka yameachana au maji yameingia. Kwenye tezi inapofungwa mashine ndo pa kukagua kuliko pote, ndani yake kuna mbao, zikioza unaiona mashine inachezacheza ukiivuta.

Mashine nitasema kwa kifupi. Iguse kabla haijawashwa, ikiwa ya moto ujue wameshahangaika nayo asubuhi kabla hujafika. Angalia kama inatoa maji ya kupoza vizuri, fungua oili ya gia, ikitoka nyeupenyeupe maji yameingia. Na namba ya mashine ikiwa imekwanguliwa ondoka, hata wakuuzie bei ya bure, mashine zinaibiwa sana huku na mwenyewe anaweza akaitambua ikiwa imefungwa kwenye boti yako.

Halafu kuna kipimo ambacho wanunuzi wa bara hawakijui, mgao. Mkitoa mafuta, barafu na chakula, kinachobaki kinagawanywa, mabaharia wana lao, chombo kina lake na mara nyingi mashine na nyavu nazo zina lao. Muuzaji atakuhadithia usiku mmoja waliojaza vibua. Achana naye, wafuate mabaharia wake pembeni uwaulize kwa wiki ya kawaida, sio ya bamvua zuri maji yakijaa na kukupwa sana, fungu la chombo lilikuwa shilingi ngapi, upige hesabu ni misimu mingapi ya kaskazi mpaka hela yako irudi. Kama ni kaskazi 4 na mbao zimebakiza 2, bei gani hiyo?

Ombi langu liende kwa maafisa uvuvi wa halmashauri na BMU zetu, vile vikundi vya kusimamia uvuvi vya huku pwani. Chombo kikiuzwa, usajili na leseni vina jina la mwenye zamani, kwa hiyo mnunuzi lazima afike kwenu, akishafika muulizeni kanunua kiasi gani na muandike, urefu, mbao au faiba, umri, mwezi aliouziwa, mashine ilikuwemo au haikuwemo. Majina sio lazima. Daftari liwekwe pale dikoni boti zinaposhusha samaki, kila mtu alisome. Haihitaji bajeti, kaunta buku ya kwaya mbili inatosha. Madalali watapiga kelele kwamba mnaingilia biashara zao, sawa, na wao waje waandike bei walizonunulia.

Msomaji wako,
Msanga Mkuu, Mtwara