Nimehamia kwenye Hunter: barua kwa Salim

Mombasa

Kwa ndugu yangu Salim,

Assalam aleikum. Natumai waraka huu utakukuta buheri wa afya, wewe na shemeji na watoto huko Salalah, Oman. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu sana, na anasema ule ubani uliomletea umekwisha, anangoja mwingine.

Ama baada ya salamu, uliniuliza nimepatwa na nini hata nikaacha kurusha Airbus kwenye simuleta, ile programu ya kompyuta ya kurusha ndege, mimi niliyekuwa sikosi safari ya Mombasa kwenda Muscat kila mwisho wa wiki. Nilitaka kukujibu kwa sauti ya WhatsApp nikaona haitatosha, heri nikae niandike. Nimehamia kwenye Hawker Hunter, Salim, na sidhani kama nitahama tena karibuni.

Hunter ni ndege ya kivita ya Waingereza, injini moja, kiti kimoja. Aliyeibuni ni Sydney Camm, yule yule aliyebuni Hurricane ya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Iliruka mara ya kwanza tarehe 20 Julai 1951, rubani akiwa Neville Duke, na tarehe 7 Septemba 1953 Duke huyo huyo aliipitisha chini chini juu ya bahari karibu na Littlehampton, Uingereza, ikiwa imepakwa rangi nyekundu, kwa mwendo wa kilomita 1,171 kwa saa. Ikawa rekodi ya dunia. Haikumaliza mwezi, ikavunjwa na Swift, ndege nyingine ya Waingereza, lakini Hunter ndiyo iliyodumu: zilitengenezwa 1,972, na Waswisi walizirusha mpaka mwaka 1994.

Kwenye Airbus unaandika njia yako kwenye kompyuta ya ndege, unabonyeza otopailoti, unakwenda kunywa chai. Hunter haikupi nafasi hiyo. Tangu kuwasha injini mpaka kuizima, mkono wako uko kwenye usukani. Mimi naruka na ile FGA.9, aina iliyotengenezwa kwa ajili ya nchi za joto, yenye parashuti ya breki mkiani. Kuiwasha kwenyewe ni jambo la kusikilizwa. Kistata chake, yaani kiwashio cha injini, kinatumia kimiminika kinachoitwa Avpin, ambacho kinaungua bila kuhitaji hewa. Ukibonyeza kitufe, kinafoka kwa mlio mkali wa sekunde chache, kama nyoka aliyekanyagwa, halafu injini ya Avon inaanza kuzunguka na sindano ya joto inapanda. Vaa spika za masikioni zilizo nzuri, usitegemee za kompyuta.

Halafu kuna kutembea nayo ardhini. Gurudumu la mbele halina usukani, linazunguka linavyotaka. Breki ni wenzo mdogo ulio kwenye kijiti cha kuongozea: unaubana kwa vidole, na mguu unaousukuma kwenye pedali ndio unaoamua gurudumu gani lishikwe zaidi, la kushoto au la kulia. Kwa hiyo kila kona ni mazungumzo kati ya vidole na miguu. Mwenye joistiki, kile kijiti cha kuongozea cha kompyuta, bila pedali atapata taabu hapa, na wewe najua pedali zako umezifungia kwenye boksi. Zitoe.

Naanzia mara nyingi Eastleigh, pale Nairobi, uwanja ambao leo ni Moi Air Base. Nimeuchagua kwa sababu Hunter zilikuwako pale kweli. Mwaka 1960 Kikosi Namba 208 cha Waingereza kilikuwa na Hunter zake Eastleigh, na mwaka uliofuata zikakimbizwa Kuwait, Iraki ilipotishia kuichukua nchi ile. Baadaye, mwaka 1974, sisi wenyewe tukanunua za kwetu kwa ajili ya jeshi letu la anga, kabla ya F-5 za Wamarekani kuja. Wengi wetu tunaopenda ndege tunaweza kukutajia F-5 ya Nanyuki bila kufikiri, lakini ukiwatajia Hunter ya Kenya wanakutazama tu. Jambo hili linaniuma. Marubani wetu walikaa ndani ya chumba kile chembamba, kioo cha kulengea kikiwa mbele ya macho, wakapaa juu ya mashamba ya kahawa. Mtoto wa leo angepaswa kulijua hilo.

Eastleigh iko juu, futi zaidi ya 5,300 kutoka usawa wa bahari, na hapo ndipo simuleta inapokufundisha kitu ambacho kitabu hakikufundishi vizuri. Hewa ya Nairobi saa nane mchana ni nyepesi. Injini yenye msukumo wa pauni 10,000 na ushee pale pwani haikupi zote hizo kule juu. Unasukuma throto, wenzo wa kuongeza nguvu ya injini, mpaka mwisho, ndege inaanza kwenda taratibu, na njia ya kurukia inaliwa huku geji ya mwendo ikipanda kwa uvivu. Hunter haina moto wa ziada mkiani wa kukuokoa. Unangoja. Halafu pua inainuka, magurudumu yanaingia, na ghafla ile ndege nzito ya ardhini inakuwa nyepesi mno. Usukani wake wa kulalia upande unasaidiwa na haidroli na ni mwepesi kupita kiasi, ndiyo maana marubani wageni walijulikana kwa mabawa yanayotikisika mara tu baada ya kupaa. Ushike kwa ncha za vidole.

Ukishapata mwendo, sikiliza. Kuna sauti moja ambayo waliotengeneza hii ya simuleta wameipatia barabara. Chini ya pua kuna mizinga minne ya milimita 30, na hewa ikipita kwenye matundu yake kwa mwendo fulani ndege inalia, sauti ndefu ya huzuni, kama anayepuliza mdomo wa chupa. Waingereza waliokuwa wakienda kwenye maonyesho ya ndege waliitambua Hunter kwa mlio huo kabla hawajaiona. Mimi huzunguka mlima Longonot kwa ajili ya mlio huo tu.

Sasa nikuambie kuhusu mafuta, maana hapa ndipo moyo wa ndege hii ulipo. Geji zake ni mbili, za upande wa kushoto na wa kulia, na ukiruka chini chini throto ikiwa mbele utaziona zikishuka wazi wazi. Hunter za mwanzo zilikuwa na mafuta kidogo zaidi. Tarehe 8 Februari 1956, Hunter nane zilipaa kutoka West Raynham, Uingereza, kwenda mazoezi ya kupigana angani. Wakiwa juu, hali ya hewa ikaharibika chini yao. Wakaelekezwa uwanja wa Marham, si mbali, lakini wingu lilikuwa limelala karibu na ardhi, hawakuweza kuiona njia ya kutulia, na mafuta yalikuwa yamebaki ya dakika chache. Mbili zilifanikiwa kutua. Sita zilipotea, na rubani mmoja akafa. Walikuwa marubani hodari, wenye mafunzo ya uongozi, na ndege zao hazikuwa na hitilafu. Tangu nisome habari hiyo, kitu cha kwanza ninachokiandika kwenye karatasi kabla ya kuwasha injini ni kiwango cha mafuta ambacho sindano ikikifikia narudi nyumbani, hata kama mlima uko mbele yangu na jua linazama vizuri. Nasema hivi kwa dhati, Salim: bila karatasi hiyo unacheza tu, hurushi Hunter.

Nimekwenda nayo London pia. Pengine umesikia habari za Alan Pollock. Mwaka 1968 jeshi la anga la Uingereza lilitimiza miaka 50, na yeye aliona ni aibu kwamba hakuna ndege za kupita juu ya London kuadhimisha. Tarehe 5 Aprili akachepuka na Hunter yake, akalizunguka Bunge mara tatu, akashuka na mto Thames, akapita ndani ya Tower Bridge, kati ya barabara na zile njia za miguu za juu. Wakamkamata, kisha wakamwondoa jeshini kwa sababu za kiafya, hivyo hakufikishwa mahakamani. Nilitaka kujua aliona nini. Basi nikaufuata mto. Kutoka Bungeni hadi darajani, kwa mwendo wa Hunter, hata nusu dakika haifiki, na madaraja yanakuja moja baada ya jingine. La mwisho unaliona dogo, dogo, halafu limejaa kioo chote. Uamuzi wake ulifanyika ndani ya sekunde chache sana, na aliamua vibaya kwa sheria za jeshi. Lakini mkono wake ulikuwa mkono wa rubani.

Kutua ndiko ninakokupenda kuliko yote. Ukishusha magurudumu, ile breki kubwa ya hewa iliyo chini ya tumbo haifunguki tena, kwa sababu ingegonga ardhi, kwa hiyo kupunguza mwendo lazima ukumalize mapema. Taa tatu za kijani za magurudumu, flapu za mabawa chini, naingia kwenye mstari wa mwisho na noti 150, kipimo cha mwendo cha marubani. Pale Eastleigh siku ya joto, 150 za geji ni zaidi ya 165 za kweli, na macho yanakuambia unakwenda mbio mno. Yasikudanganye, amini geji. Magurudumu ya nyuma yakigusa unashusha pua pole pole, unavuta parashuti, na mwili mzima unahisi kuvutwa hata kama umekaa kwenye kiti cha plastiki sebuleni.

Na wewe nakuandikia kwa sababu maalumu. Mwaka 1975 Mfalme Hussein wa Jordan aliipa Oman Hunter 31, na makao yake yakawa Thumrait. Ni pale pale unapopita kila ukienda Muscat kwa gari. Zilikuja vita vya Dhofar, vile vya waasi wa kusini mwa Oman, vikikaribia mwisho, na Oktoba mwaka huo zilipiga shabaha ng'ambo ya mpaka, upande wa Hauf, Yemen ya Kusini. Wazee wa huko wanaweza kuwa wanaukumbuka mlio wake. Ukikutana na mzee wa namna hiyo, tafadhali muulize kwa upole, uniandikie anachosema.

Nina mpango. Sasa ni msimu wa kharifu, wa mawingu na manyunyu huko kwenu, na simuleta inachukua hali ya hewa ya kweli kutoka intaneti. Tupae pamoja kutoka Thumrait, jangwani kweupe, tuvuke milima ya Jabal Qara, na upande wa pili tuikute Salalah yako imefunikwa na wingu lote lile linalotoka baharini. Hatushuki ndani yake. Tunalizunguka kwa juu, tunafuata ukingo wa milima mpaka usawa wa mji wa Mirbat, kisha tunarudi jangwani kutua. Weka mafuta kamili na matangi mawili ya nje ya galoni 230 kila moja. Wewe ongoza, mimi nitakaa bawani kwako upande wa kulia, na atakayefika kwanza kwenye kiwango cha kurudi aseme, turudi sote.

Ijumaa, saa tatu usiku kwangu, saa nne kwako. Kama uko zamu, niambie tuisogeze Jumamosi. Na hizo pedali ziunganishe na kompyuta mapema uzijaribu.

Wasalimie wote nyumbani.

Nduguyo,
Mbarak